Naomba ushauri: nyumba ya mapumziko kando ya Ziwa Tanganyika itakayotupokea pamoja na mbwa wetu

Mama Neema, Tabora

Ndugu zangu wa Kigoma, salamu kutoka Tabora. Shule zitakapofungwa mwezi wa Juni tunatarajia kuja kupumzika kando ya Ziwa Tanganyika, mimi, mume wangu, watoto na mama mkwe, ambaye hajaliona ziwa hilo tangu usichana wake. Hoteli hatuitaki. Tunatafuta nyumba nzima ya kupanga kwa wiki moja, yenye jiko tutakalopikia wenyewe na uwanja wa watoto kucheza, mahali panapopata hewa ya ziwa lakini palipo mbali kidogo na msongamano wa mjini, na mwenye nyumba awe radhi kumpokea mbwa wetu.

Mbwa huyo ni jike la umri wa makamo, chotara wa mbwa wa kienyeji na wale wakubwa wa ulinzi, na watoto wamempa jina la Simba. Haingii vyumbani. Nyumbani hulala barazani, mchana hushinda chini ya mwembe, na jioni hutembea na watoto akiwa amefungwa kamba. Kila tulipomwacha kwa jirani amekuwa akisusa chakula mpaka turudi. Safari hii hata kijana anayetusaidia nyumbani atakuwa likizo kwao Nzega, na mume wangu anaona inatosha kumlipa mtu awe anampelekea chakula asubuhi na jioni. Mimi naona mnyama aliyezoea sauti za watu hawezi kufungiwa wiki nzima katika ua mtupu, na watoto nao hawatapumzika wakijua yuko peke yake.

Nimepiga simu katika nyumba kadhaa za wageni nilizoelekezwa. Wengine walikataa papo hapo, nami siwalaumu, kwa sababu kila mtu ana taratibu za nyumba yake. Wengine walisema tuje naye, ila usiku afungwe mnyororo nje ya geti, jambo nisiloweza kulikubali, kwa kuwa mbwa mgeni aliyefungwa nje hana pa kukimbilia mbwa wa mtaa wakimvamia. Mmoja alikubali upesi bila hata kuuliza ukubwa wa mbwa, na huyo ndiye aliyenitia wasiwasi zaidi, maana mwenye nyumba asiyeuliza leo ndiye atakayeshtuka siku tunayoshusha mizigo.

Naomba mnisaidie kwa mambo haya: ni upande gani wa Kigoma unaofaa kwa familia yenye mbwa, tuulize nini na tukubaliane nini na mwenye nyumba kabla ya kulipa, na tujiandae vipi kwa safari ya gari kutoka huku hadi huko. Tutapita Urambo, Kaliua na Uvinza.

Bwana Mifugo, Gungu

Dada, karibuni Kigoma. Nitajibu upande wa afya na safari, ambao ndio kazi yangu, na habari za nyumba nitawaachia wenye nyumba zao.

Anza na chanjo ya kichaa cha mbwa. Chanjo hiyo hurudiwa kila mwaka, na kadi iliyopitwa na wakati haimsaidii mtu yeyote, hata kama mbwa ana afya njema. Mpeleke kwa daktari wa mifugo angalau mwezi mmoja kabla ya safari ili mwili upate muda wa kujenga kinga, na siku hiyohiyo ulizia chanjo ya distempa na parvo, magonjwa ya virusi yanayoua mbwa, pamoja na dawa ya minyoo. Kisha nenda ofisi ya mifugo ya halmashauri yenu kuomba kibali cha kumsafirisha. Watu wengi hudhani kibali ni cha ng'ombe na mbuzi tu, lakini Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 inahusu mbwa pia. Kibali pamoja na kadi ya chanjo vikae ndani ya gari, mahali pa kufikika haraka, na nakala mpe mwenye nyumba.

Jambo la pili wasafiri wengi hawalifikirii, nami nitalieleza kwa kirefu kwa sababu nimewaona mbwa wakifa kwalo. Kati ya Kaliua na Uvinza mnapita katika misitu ya miombo na mabonde ya Malagarasi, na huko kuna ndorobo. Mdudu huyu huvutwa na kitu kikubwa kinachotembea na hupenda rangi nyeusi na buluu iliyokolea, kwa hiyo gari linalokwenda polepole kwenye msitu likiwa na vioo wazi linamwita. Ng'ombe wa kienyeji wa maeneo hayo wanaweza kuishi na vimelea vya nagana, ugonjwa ambao ndorobo huueneza kwa kuuma, kwa muda mrefu wakiwa wamedhoofu tu, lakini mbwa hawezi kuvumilia hivyo: akipata vimelea huugua kwa nguvu, na asipotibiwa hufa. Dalili ambayo hata mtoto ataiona ni ya jicho. Ute wa jicho huongezeka, kisha kioo cha jicho hugeuka kuwa na ukungu wa buluu au mweupe, kana kwamba mtu amelipulizia pumzi. Pamoja na hilo mbwa huwa na homa inayokuja na kuondoka, fizi hupauka, hukonda, na wakati mwingine uso au miguu huvimba.

Kwa hiyo mkishapita Kaliua fungeni vioo, msisimame porini kwa ajili ya kumnyoosha mbwa miguu, na mapumziko yenu yafanyeni kwenye miji na vituo vilivyo wazi. Mkitaka kulitazama bonde mnapovuka Daraja la Kikwete, litazameni kupitia vioo. Mkisharudi nyumbani mwangalieni kwa wiki tatu au nne, na mkiona jicho limebadilika mpelekeni akapimwe damu. Nakusihi sana usikubali mtu amchome sindano ya diminazini, dawa ya nagana, kwa kukadiria uzito kwa macho, kama wafugaji wanavyowafanyia ng'ombe wao. Kwa mbwa, tofauti kati ya kipimo kinachotibu na kipimo kinachodhuru ubongo ni ndogo, na dozi hiyo lazima ipigwe na daktari aliyempima mbwa kwa mzani.

Kuhusu joto na chakula sina mengi. Msimlishe akashiba kabla ya kuondoka, mpeni maji kila mnaposimama, na msimwache ndani ya gari lililofungwa, hata kivulini, hata kwa muda wa kununua mkate. Mbwa hupoza mwili kwa kuhema, na hewa ya ndani ya gari ikishakuwa ya moto kuhema hakumsaidii tena.

Kuhusu ziwa lenyewe, mamba wapo, na wengi zaidi wako karibu na midomo ya mito, hasa Malagarasi kule upande wa Ilagala, ambako pia kuna viboko. Kwenye miamba kuna aina ya swila anayeishi majini na kula samaki. Hana tabia ya kumfuata mtu, lakini mbwa mdadisi akiingiza pua penye mwanya wa mawe anaweza kumchokoza. Kichocho nacho kipo, na konokono wanaokibeba hukaa kwenye majani na maji yaliyotulia, kwa hiyo watoto na mbwa waogelee penye mchanga safi na mawimbi, wasiingie kwenye matete. Waulizeni wenyeji ni wapi watoto wao wanaoga, nanyi mfuate hapohapo.

Mzee wa Ujiji

Mama Neema, nakushukuru kwa kuuliza mapema na kwa adabu. Nina nyumba Ujiji na nyingine ndogo nje ya mji ambayo huwapangisha wageni, nami nitakueleza kinachomfanya mwenye nyumba wa huku asite, ili ujue utakapomkuta mwenye kusita uzungumze naye nini.

Wengi wetu huku ni Waislamu wa madhehebu ya Shafii. Kufuga mbwa kwa ulinzi, kuwinda au kuchunga mifugo kumeruhusiwa, na wazee wetu walikuwa na mbwa mashambani. Shida iko kwenye mate na unyevu wake, ambavyo kwetu ni najisi nzito: chombo alichokiramba huoshwa mara saba, na mara moja katika hizo kwa udongo. Mbwa mkavu akipita uani hajaharibu kitu. Sasa fikiria mbwa aliyetoka ziwani akiwa amelowa chepechepe, anafika barazani, anajikung'uta, na matone yanaruka mpaka kwenye mkeka wa kuswalia na kwenye kanga zilizoanikwa kamba ya chini. Mwenye nyumba hatakugombeza, kwa kuwa wewe ni mgeni, lakini baada ya wewe kuondoka atakuwa na kazi ya kusafisha nyumba nzima kwa mashaka, asijue ni wapi palipoguswa na wapi hapakuguswa. Hayo mashaka ndiyo yanayomfanya mtu ajibu hapana kwenye simu.

Kwa hiyo ukizungumza na mwenye nyumba, usianze kwa kumsifia mbwa kwamba ni mpole. Mwambie mbwa atalala wapi, atakula kwenye chombo gani, na atakaushwa wapi akitoka ziwani. Mimi nikielezwa kwamba mgeni anakuja na bakuli la mbwa wake na sufuria ya kumpikia, kwamba hatatumia vyombo vya nyumba, kwamba ana gunia au mkeka wake wa kulalia, na kwamba mbwa ataoshwa na kufutwa uani kabla ya kupanda barazani, moyo wangu unatulia. Mikeka na mazulia ya nyumba nitayatoa mwenyewe kabla hujafika. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tulivyolelewa, lakini mgeni naye sharti amwachie mwenyeji nyumba anayoweza kuswalia.

Uliza pia kuhusu ua. Nyumba nyingi huku zina uzio wa michongoma au wa matete, na mbwa mkubwa hupenya kwa dakika moja. Omba mwenye nyumba akutumie picha za uzio wote, na siyo za sebule na vitanda tu, uone kama kuna pengo chini ya geti. Halafu kuna majirani. Nikimpokea mgeni mwenye mbwa humwarifu mwenyekiti wa mtaa na nyumba za kulia na kushoto, kwa sababu watoto wa jirani wana mazoea ya kupita uani kwangu kuchota maji, nao hawana budi kujua kwamba wiki hiyo wapite njia nyingine. Mwenye nyumba asiyetaka kuwaambia majirani zake kwamba unakuja na mbwa, mwache, hata kama nyumba yake ni nzuri.

Dada wa Mwanga

Shikamoo Mzee. Mama Neema, mimi nilipokuwa masomoni kaskazini mashariki mwa Uingereza nilizoea kwenda na wenyeji wangu kwenye nyumba ndogo za mapumziko katika pwani ya Northumberland, na wao hawasafiri bila mbwa. Nitaeleza wanavyofanya, kwa sababu kuna mambo mawili au matatu tunayoweza kuyachukua.

Kule, mbwa ni sehemu ya mkataba tangu mwanzo. Tangazo la nyumba hutaja inapokea mbwa wangapi, kila mbwa anatozwa kiasi gani juu ya kodi ya nyumba, na kama uwanja umezungushiwa uzio kamili au nusu, kwa sababu mbwa wengi hupotelea kwenye uzio wa nusu. Masharti huandikwa: mbwa asipande vitandani wala kwenye makochi, asiachwe peke yake ndani ya nyumba, kinyesi chake kiokotwe hata uani. Mlangoni utakuta taulo kuukuu za kumfutia matope na maji ya bahari, na mara nyingi kuna bomba nje la kumwoshea. Ukilitazama vizuri, hilo la bomba na taulo ndilo lilelile analolisema Mzee, ingawa sababu zao ni nyingine.

Fukwe nazo zina taratibu. Baadhi huzuia mbwa miezi ya joto, wakati watu wanapojaa, na huwaruhusu majira ya baridi. Mashambani, sheria ya mwaka 2000 inayowapa watu haki ya kutembea kwenye maeneo ya wazi inataka mbwa awe kwenye kamba isiyozidi mita 2 kuanzia tarehe 1 Machi hadi 31 Julai, kwa ajili ya ndege wanaotaga chini, na wakati wowote anapokuwa karibu na mifugo. Niliwaona watu wazima wakigeuza njia kwa sababu ya ubao mmoja unaosema kuna viota mchangani.

Ninachokushauri ni kuandikiana. Ukurasa mmoja unatosha: jina la mwenye nyumba na lako, tarehe, kodi, mbwa mmoja wa ukubwa fulani, mahali atakapolala, na amana ya fedha itakayorudishwa ikiwa hakuna kilichoharibika. Amana ndiyo inayompa mwenye nyumba usingizi.

Mzee wa Ujiji

Marahaba mwanangu. Maandishi nayakubali kabisa, na ningependa kila mgeni aje nayo. Kuhusu amana nitatofautiana nawe kidogo. Amana inalipa mlango uliokwaruzwa na godoro lililotafunwa. Haimlipi jirani ambaye mtoto wake ameogopeshwa, wala hainirudishii mimi salamu za jirani huyo, kwa sababu wewe utaondoka Jumapili na mimi nitabaki naye. Kwa hiyo amana iwepo, lakini kwanza mgeni afike mchana, apite kwa majirani na mbwa akiwa kwenye kamba, awasalimie na kuwaonyesha mnyama wanayeishi naye ukuta kwa ukuta. Kwetu hilo lina uzito kuliko fedha.

Mama Neema, Tabora

Shikamoo Mzee, na ahsanteni nyote. Nimesoma majibu haya pamoja na mume wangu, na habari ya ndorobo imemfanya aulize kama tungempandisha mbwa treni. Vilevile watoto wanataka kwenda Gombe kuwaona sokwe, na kumbukumbu ya Livingstone hapo Ujiji. Je, mbwa anaweza kuja nasi katika matembezi hayo?

Bwana Mifugo, Gungu

Gombe hapana, dada, na hilo halina mjadala. Mnyama wa kufugwa haruhusiwi kuingia katika Hifadhi za Taifa, na Gombe ni Hifadhi ya Taifa tangu mwaka 1968. Sababu yake ni ya kitabibu. Mwaka 1994 ugonjwa wa distempa uliingia kwa simba wa Serengeti na kuua takriban theluthi moja yao, na watafiti waliuhusisha na mbwa wa vijiji vinavyopakana na hifadhi. Gombe ni ndogo, na sokwe ambao Jane Goodall alianza kuwachunguza mwaka 1960 wamekuwa wakiandamwa na magonjwa, hata mafua ya binadamu, kiasi kwamba mgeni mwenye homa huambiwa asiwakaribie. Hata kumweka mbwa ndani ya boti na kumwacha ufukweni huku ninyi mkipanda mlima haifai, kwa sababu nyani hushuka mpaka majini. Siku ya Gombe mtu mzima mmoja abaki nyumbani na Simba. Mama mkwe wako huenda akaona afadhali hivyo, maana njia za Gombe zina mwinuko mkali.

Kumbukumbu ya Ujiji, mahali Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871, ni matembezi mafupi, nanyi mnaweza kwenda kwa zamu, kundi moja likiingia huku jingine likimshika mbwa nje chini ya miembe.

Kuhusu treni, ulizeni stesheni ya Tabora mapema kabla hamjakata tiketi. Maoni yangu ni kwamba gari lenu ni bora. Behewa la abiria la reli ya kati hujaa watu na mizigo, safari ni ya usiku kucha au zaidi, na mbwa wa ukubwa huo hatapata mahali pa kujinyoosha wala pa kujisaidia. Ndorobo mtamkwepa kwa vioo vilivyofungwa, lakini msongamano wa behewa hamtaukwepa.

Mwalimu wa Katonga

Mama Neema, mimi ni mkazi wa kusini mwa mji na ninafuga mbwa, kwa hiyo nitajibu swali lako la kwanza, ambalo naona halijajibiwa.

Usichukue nyumba Kibirizi. Pale ndipo boti za vijiji vya kaskazini hupakia na kushusha, tangu alfajiri kuna wachukuzi, magunia, mbuzi na watu, na mbwa mgeni hatapata dakika ya utulivu. Ujiji kuna nyumba nzuri za zamani na watu wakarimu, lakini zimebanana na nyua ni ndogo. Huko mjini kwenyewe utapata vilima na mandhari ya bandari, ila mbwa atatembea kwenye barabara ya bodaboda. Kwa familia kama yako ningeelekea kusini, upande wa Bangwe na kuendelea baada ya Katonga, ambako mwambao una ghuba ndogondogo zenye mchanga katikati ya mawe, na nyumba ziko mbalimbali. Maji huko ni maangavu kiasi kwamba utawaona samaki wadogo wa rangi wakizunguka kwenye miamba huku umesimama mawimbi yakikufika magotini. Ziwa hili lina kina cha karibu mita 1,470, la pili duniani, na penye mwamba mteremko huanza ghafla, kwa hiyo watoto wasidhani kila ghuba ina ngazi ya mchanga ya kutosha.

Kabla ya kulipa, muulize mwenye nyumba maji ya ziwa yalifika wapi miaka ya karibuni yalipopanda. Kuna nyumba zilizokuwa na ufukwe mpana na sasa mawimbi yanapiga ukuta, na picha unayotumiwa inaweza kuwa ya zamani. Omba picha iliyopigwa wiki hiyohiyo. Vilevile, Juni na Julai upepo wa kusi huvuma kwa nguvu, kwa hiyo ogeleeni asubuhi.

Sasa niseme kuhusu dagaa, kwa sababu ndipo ugomvi wa mbwa na wenyeji unapoanzia. Wavuvi huenda usiku na taa, hurudi alfajiri, na akina mama hununua kwa ndoo na kuanika mchangani au juu ya vichanja. Ukipita asubuhi utaona eneo zima limefunikwa na rangi ya fedha, na katikati yake mama mmoja ameinama anageuza kwa ufagio wa njukuti, mstari kwa mstari, asiache hata sehemu moja ikajikunja. Mtaji wake wote wa wiki umelala pale juani. Mbwa akikatiza mbio juu ya dagaa wale, hata asipoonja hata mmoja, ameuharibu mzigo, maana wanunuzi wameona. Kwa hiyo mwaloni mbwa awe kwenye kamba fupi wakati wote, na afadhali msipite kabisa kabla ya jioni, dagaa wanapokuwa wamezolewa. Kamba hiyo itamlinda yeye pia, kwa kuwa mchangani kuna ndoana zilizobaki na chambo na vipande vya nyavu, na mbwa huvimeza kwa harufu ya samaki.

Mkiweza kuchagua tarehe, chagueni wiki ya mbalamwezi. Mwezi ukiwa mpevu taa haziwavuti dagaa, wavuvi hupumzika na kushona nyavu, mitumbwi huvutwa juu, na mchanga hubaki wazi. Ulizeni pia kama mwaka huu ziwa litafungwa. Mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti ili samaki wazaliane, na miezi kama hiyo mbwa wangu hutembea ufukweni bila mtu yeyote kunitazama kwa jicho baya. Kwa upande wa kitoweo mtapungukiwa, lakini kuku na maharage vipo.

Jambo la mwisho ni mbwa wa mtaa. Kila kijiji cha wavuvi kina wao, na wengi hawajachanjwa. Tembea na fimbo, usimrushie mtu mawe mbwa wake, na wakija kundi msikimbie. Mtoto au mtu yeyote akiumwa au kukwaruzwa na meno, mara moja osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, halafu nendeni hospitali siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo, hata kama kidonda ni kidogo na hata kama mwenye mbwa anaapa kwamba mbwa wake ni mzima.

Mama Neema, Tabora

Mwalimu, hili la mbalamwezi na dagaa lisingenijia akilini kamwe, na nimetazama kalenda: likizo ina mwezi mpevu ndani yake, kwa hiyo tutapanga safari kuuzunguka. Mume wangu amekubali Simba aje, kwa sharti kwamba tukikosa nyumba yenye uzio kamili tutaahirisha. Nimeshaandika karatasi ya makubaliano kama alivyoeleza Dada wa Mwanga, nikaongeza vyombo, gunia la kulalia, mahali pa kumkaushia, na kwamba usiku atalala ndani ya ua. Wiki hii namfikisha kwa daktari kwa ajili ya chanjo.

Mzee, kwa heshima zote, ulitaja kwamba una nyumba ndogo nje ya mji. Je, ina uzio wa aina gani, na uko radhi tuzungumze?

Mzee wa Ujiji

Mwanangu, ina ukuta wa matofali pande tatu, na upande wa ziwa kuna seng'enge ambayo kwa mbwa wa ukubwa unaousema inabidi iongezwe mistari miwili chini. Hiyo nitaiongeza mwenyewe. Bomba liko nje karibu na mpera. Nitumie ile karatasi yako pamoja na picha ya kadi ya chanjo ikishapigwa muhuri mpya, nami nitakutumia picha za uzio na za ufukwe. Wiki ya mbalamwezi ya Juni kuna watu walioiulizia lakini hawajalipa, kwa hiyo usichelewe. Kabla ya kukujibu mwisho nitakwenda kumwona jirani wa mkono wa kushoto, ambaye ana wajukuu wadogo na mbuzi wawili, na nikimwona ameridhika nitakupigia simu.